Routeur Imezimika, Jina Inabakia

Kolwezi, tarehe 12 mwezi wa kwanza 2025

Kwako Tantine Adolphine, dada ya mwisho ya baba yangu,

Jambo sana, weye na batoto yote, na zaidi Joyeuse. Umuambie kaka yake Glodi amekuwa mutu mukubwa Kolwezi, asinisahau siku atapata diplome. Mi niko muzima. Malaria ya Noël nilipona na kinini mbili tu, daktari mwenyewe alishangaa. (Hakukuwa daktari, alikuwa muuza dawa, lakini alishangaa.)

Ku nyumba tunabakia babili, mi na Tata Stany, kaka yako. Bibi yake alirudia kwao Bukama. Alisema ni wiki moja, lakini alibeba masufuria. Tata Stany anaendelea muzuri, muzuri kupita mupaka: tumbo yake inaingia mu nyumba mbele yake mwenyewe. Sasa njo président wa chorale ku parokia. Akiimba anafunga macho kama mutu analamba mafuta.

Ile siku ya mwezi wa kumi na moja balibafukuza, mi sikuwe hapa, unajua, nilikuwa nachimba Mutoshi. Nilirudia nikakuta nyumba yenu wazi, na batu wa kartie, ba mutaa wetu, banatembea kifua mbele, eti ba Kasaï balienda, sasa kazi itakuya. Bei ya cobalt ilianguka ku soko ya Bazungu, lakini kosa ni ya tata Mulumba, bwana yako, mwalimu wa calcul ku école primaire! Eti juu babu yake alitoka Kasaï! Nilitema mate. Mpaka leo sijaona hata mumoja mwenye alipata ile kazi. Basi, nisiseme mingi.

Sasa niingie mu kitu yenye inaniandikisha. Tantine, wifi imekuwa mujinga. Courant ya umeme ikikatika na kurudia, routeur inawaka, taa zote kijani, lakini simu zetu zinaandika «connecté, pas d'Internet», eti zimeshika lakini Internet hakuna, na zinabakia vile mpaka unaweza kwenda kuoga, kula, na kugombana na jirani. Mbele haikukuwa vile. Tata Stany anasema ni mi naharibisha. Ananiita mwizi wa méga. Mi! Mwenye kartie muzima banamuita Ingénieur! (Banamuita vile juu ni mi nilibaambia bamuite vile.) Amesema nisipotengeneza nitaenda kulala ku carrière, mu mashimo ya kuchimba, na panya.

Ni weye ulifunga ile kitu, wakati ulikuwa na secrétariat yako ya photocopie. Unipe dawa. Uandike pole pole, mi niliachia école mu troisième, lakini kichwa iko. Louis, dereva wa camion ya makala, atabeba hii barua, juu najua simu yako balikunyanganya ku barrière.

Mutoto wako wa bei kali,
Glodi


Mutshatsha, tarehe 2 mwezi wa pili 2025

Glodi mutoto wangu,

Jambo. Barua yako ilifika na mafuta ya camion juu yake, lakini nilisoma. Nimefurahi malaria ilikukimbia. Hata mi ningekuwa malaria ningekukimbia, na ile mudomo yako.

Shiye tuko. Tunaikala chambre moja nyuma ya gare, kwa mama mumoja muuza makala. Badogo banakohoa moshi. Tata yao Mulumba aliendelea na train mpaka Kasaï, eti «kwao», kwenye hajafikaka hata siku moja mu maisha yake. Alituma neno: kule banamucheka juu tshiluba yake inanukia kiswahili. Huku balimufukuza juu ni wa kule, kule banamuangalia kama wa huku. Kulia nilishamaliza. Sasa inanitapisha tu.

Juu ya ile siku, mi pia sisemi. Usiniulize mu barua.

Wifi yako. Mi si ingénieur kama weye, lakini sikia. Zamani ingekuwa kosa ya répéteur. Unakumbuka, kale kadogo keupe nilikachomeka ku prise mu nyumba yangu, kalikuwa kanashika wifi yenu na kuitupa mpaka kwetu. Nilitaka kukapa jina yake. Tata Stany alikatala: «Famille ni moja, jina moja!» Basi FAMILLE KISIMBA huku, FAMILLE KISIMBA kule, mot de passe moja, neno ya siri moja. Ilikuwa ujinga. Courant ikirudia, kadogo kanaamuka haraka kuliko kakubwa. Simu zinaona jina, zinakashika. Lakini kakubwa kangali kanalala, kadogo hakana kitu ya kubapa, na simu zinangojea pale tu, hazijue kukaachilia.

Lakini sasa haiwezi kuwa ile, juu Tata Stany alinitumia neno eti wezi balibeba bitu yote mu nyumba yangu, hata répéteur. Kwa hiyo ufanye hivi. Ku simu ufinye «oublier le réseau», isahau wifi, urudie kuandika mot de passe. Halafu uingie ndani ya routeur, kwenye imeandikwa canal, utoshe «auto», uweke 6, juu ikiachiwa inatafuta njia mupya kila inapowaka. Na usiiweke juu ya frigo.

Kitu ingine. Tata Stany anaomba Joyeuse akuye kulala kwake, afanye examen d'État Kolwezi. Anasema atamulinda kama mutoto wake. Huku hakuna école yenye ilimuandika, na mwaka ukikufa, unabeba na ule wa nyuma. Joyeuse anataka sana. Mi niko nafikiri.

Tantine yako


Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa tatu 2025

Tantine wangu wa ukweli,

Jambo na mafua. Ni mafua ya carême, ya Kwaresima, inanishikaka kila mwaka juu ninakosa nyama.

Nilifanya yote. Nilisahaulisha simu, nikaweka canal 6, nikaondoa routeur ku frigo nikaitundika ukutani na misumari, kazi safi, hata mafundi ba kampuni bangelipa kuangalia. Courant ikakatika. Ikarudia. Mi nasimama mukono kiunoni, Tata Stany nyuma yangu anapumua kama ngombe. «Connecté, pas d'Internet.»

Akaniambia: «Ingénieur wa mavi.»

Nikamujibu: «Tata, ingénieur ni ingénieur.»

Akanitupia sandale. Sandale mupya ya ngozi, alipata sijui wapi. Nilimurudishia. Niliiangalia muzuri mbele ya kumurudishia. Mi sisemi kitu.

Tantine, hii nyumba inanichafua roho. Kila asubui anasali kwa sauti ili majirani basikie, kisha anatema mate yake mu lavabo na hamwange maji. Alishaambia parokia nzima eti atapokea Joyeuse, eti moyo yake haiangalie kabila. Bamama balimupigia makofi, bale bale benye batoto yao balikuwa na mawe ile siku. Alisema Joyeuse atakuwa anapika kidogo, anafua kidogo, juu bibi hayuko. Chambre yake mwenyewe anaifunga na kadena, kufuli kubwa, mchana na usiku. Mi nakaa mu hii nyumba tangu baba yangu alikufa, sijaonaka ile kadena.

Joyeuse akikuya mi nitamuchunga. Niko na nguvu, ulishaona mikono yangu. Lakini kama ni mi tu wa kuamua… Aa, mi si wa kuamua. Nipe dawa ingine.

Glodi


Mutshatsha, tarehe 30 mwezi wa tatu 2025

Glodi,

Jambo. Mudogo wa mwisho alipona kikohozi. Joyeuse alianguka ku gare na beseni ya makala, goti ilivimba, sasa inashuka. Nimechelewa juu camion ya Louis ilikufa njiani.

Barua yako nilisoma mara mingi. Sandale, nilisoma. Kadena, nilisoma.

Dawa ingine iko, na ni ya mwisho. Hii haitaki ujuzi, inataka macho. Uzime routeur. Usifinye tu bouton, utoshe fil, ile waya, ku prise kabisa. Courant iwe iko. Halafu ufungue simu, uangalie majina ya wifi. Kama FAMILLE KISIMBA imepotea, kosa ni routeur, na Tata Stany anunue ingine. Kama FAMILLE KISIMBA ingali pale, maana iko kitu ingine yenye inaita ile jina. Utembee pole pole na simu mukononi. Kwenye alama zinapungua, rudia. Kwenye zinajaa, simama.

Uniandikie kile unaona, si kile unafikiri. Na usifungue mudomo kwa mutu, hata kama itakuuma.

Joyeuse amefunga sac yake. Louis anasema akirudia toka huku kisha Pasaka atamubeba. Louis akifika bila barua yako, Joyeuse atapanda. Siwezi kumukatalia examen juu ya kadena.

Tantine yako


Kolwezi, tarehe 13 mwezi wa ine 2025, Siku ya Matawi

Tantine,

Jambo. Leo sitanii mingi.

Tata Stany alienda misa na tawi kubwa kuliko ya padiri. Nilitosha fil. Routeur ikakufa, taa zote nyeusi. Nikafungua simu. FAMILLE KISIMBA ingali pale.

Nilifikiri simu ni mulevi. Nikaizima, nikaiwasha. Ingali pale.

Nikaanza kutembea. Ku barza, alama mbili. Ku njia, moja. Nikaenda mpaka kwenu, mule mbuzi wa batu banalala sasa, nikafikiri labda balikasahau ku ukuta. Hakuna kitu, ilipotea kabisa. Nikarudia. Ku jikoni, mbili. Mu couloir, tatu. Mbele ya mulango wa Tata Stany, zote. Zimejaa, Tantine, kama zinanicheka.

Kadena iko. Nikazunguka ku dirisha, rideau ilikuwa haikufunga muzuri. Nitakuambia kile niliona, si kile nafikiri. Machine yako ya kushona. Télé yenu. Matelas ya Joyeuse, ile ya maua, na umbo ya mwili wa Tata Stany katikati, umeingia kabisa kama shimo. Veste ya tata Mulumba ya harusi ku musumari, na jasho chini ya makwapa. Sandale ni zake pia, nilishajua. Na chini, nyuma ya télé, kale kadogo keupe, taa inapepesa.

Alikachomeka ili aone télé yake muzuri. Hajue kama kanaita jina. Mwezi tatu ananiita mwizi wa méga, na kosa inalala naye mu chambre.

Kisha nikarudisha fil ya routeur na nikangojea. Alirudia, akanipa kipande ya tawi: «Mutoto, ubarikiwe.»

Louis anaondoka kesho. Usimutume Joyeuse. Usimutume, Tantine. Atapikia huyu mutu na masufuria gani? Na yenu yenye alibeba?

Glodi


Mutshatsha, tarehe 24 mwezi wa ine 2025

Mutoto wangu,

Jambo na Pasaka. Joyeuse hakupanda. Alilia siku nzima, akaniambia nikufe, kisha akaomba pardon. Sikumuambia kwa nini. Nilimuambia goti haijapona.

Sasa nitasema ile nilikatala. Ile siku, batu balikuwa inje na mawe. Kaka yangu aliingia ndani, akanishika mukono: «Adolphine, muende na nguo ya mwilini tu. Bitu mi nitachunga.» Nilimuamini, ni kaka yangu. Tukatoka. Tata Mulumba alipigwa jiwe hapa ku sikio, damu ikamwangikia mutoto. Na mi nikasikia kaka yangu anapigia bale bijana kelele: «Musivunje kitu! Musivunje kitu!» Nilifikiri anatutetea.

Train ilikuwa imeshaondoka ndipo ile neno ilirudia mu kichwa yangu. Mutu mwenye kukutetea anasema musipige batu. Hakusema musipige. Alisema musivunje.

Tangu ile siku nilijua na sikutaka kujua. Mutu anaweza kujidanganya mwezi mingi kama anataka mutoto afanye examen. Njo maana nilitaka macho ya mutu mwingine.

Weye unakula ku meza yake. Usifanye kitu. Unyamaze, ule, ukomae.

Tantine yako


Kolwezi, tarehe 11 mwezi wa tano 2025

Tantine wangu,

Jambo. Mi niko muzima, nimekonda kidogo, inanifaa. Nalala ku dépôt ya makala ya Louis, niko mweusi kama kiatu ya ministre.

Sikunyamaza. Unipige siku tutaonana.

Alinitoshea heshima mbele ya batu, eti simu yake inachelewa juu ya mi. Nikamuambia: «Tata, leo nitaitengeneza mpaka mwisho.» Nikaikala ku barza na simu. Mot de passe ya ndani ulinipa mwenyewe zamani. Nikaingia mu kale kadogo kwanza, nikabadilisha jina. Kisha mu kakubwa, jina ile ile, juu famille ni moja. Niliandika: STANY RUDISHA BITU YA ADOLPHINE. Iliingia yote! Kulibakia nafasi ya herufi moja tu. Mi njo mi.

Mama Elise, ule jirani wa ku kona, alikuwa wa kwanza. «Weh Glodi! Mbona wifi yenu inasema na batu?» Kisha mwingine. Kisha batoto. Ku kila simu ya kartie, mutu anafungua tu, anakuta ile maneno.

Tata Stany alitoka mbio. Akanyofoa routeur na misumari yangu yote, akaitumbukiza mu beseni ya maji ya kufulia. Akasema: «Imekwisha!»

Batoto bakaangalia simu. «Haijakwisha, tata! Ingali pale!»

Na bakaanza kutembea, Tantine, sikubafundisha mi. «Hapa mbili! Hapa tatu!» Bakazunguka nyumba, bakafika ku dirisha yake. «Hapa zote! Zote!»

Alielewa. Mafuta ya uso ilikauka. Akaingia, akafungua kadena, akatoka na kale kadogo mukononi, akakapiga chini, akakakanyaga na sandale ya tata Mulumba.

Mama Elise akasema: «Stany, ile si kitu ya Adolphine? Ulisema wezi balibeba.»

«Nilikaokota.»

«Ulikaokota mu prise ya chambre yako?»

Kartie yote ilicheka. Balijishika tumbo. Na mi nikaangalia nani anacheka. Nikasema: «Mama Elise, na ile sufuria kubwa ya bluu unapikiaka bukari, ni ya wapi? Na weye Kabemba, madirisha yako mupya?»

Kicheko ilikatika. Balienda mumoja mumoja, bila kuagana, na simu zao mu mifuko. Tata Stany alinitupia nguo zangu inje. Nilikuwa nimeshazifunga.

Kesho yake Mama Elise alinikuta ku dépôt na ile sufuria, ameisugua mpaka inangaa. Anasema Joyeuse akuye kulala kwake, afanye examen yake, hatafua, hatapika. Alilia. Mi sijue kama ni machozi ya ukweli, zote zinafanana. Uone weye.

Glodi


Mutshatsha, tarehe 25 mwezi wa tano 2025

Glodi,

Jambo. Tuko bazima. Goti ya Joyeuse ilipona.

Nilisoma barua yako, nikakasirika, kisha nikacheka mpaka badogo baliogopa. Kisha nilimusomea Joyeuse yote, na ile ya Matawi pia. Hakulia. Aliuliza tu kama mbuzi ni mingi.

Hatalala kwa Mama Elise. Hatalala kwa mutu yeyote wa ile kartie. Atalala mu nyumba yetu. Najua hakuna dirisha, hakuna kitanda. Ni yetu. Préfet, mukubwa wa école yake, alimukubalia, nilimuandikia. Akienda examen atatokea pale, akirudia ataingia pale, na batu bamuone. Mi nitafika na badogo mu treni ya kisha.

Atashuka ku camion na sac na ufagio. Louis alimucheka, eti nani anasafiri na ufagio. Weye usimucheke. Umusaidie kutosha mavi ya mbuzi, yote, mpaka ku kona, na mumwange maji mara mbili. Mama Elise akitaka kusaidia, alete maji, aweke inje, aende.

Usiku weye ulale pale ku kizingiti, na fimbo. Tata Stany akikuya, umuambie asimame mbali, kuko mutu anasoma ndani.

Adolphine